Klebsiella ya Bethesda, 2011: mgonjwa wa kwanza alijulikana, waliofuata walibeba kimyakimya

Tarehe 13 Juni 2011, hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) iliyoko Bethesda, Maryland, ilimpokea mwanamke aliyehamishwa kutoka hospitali moja ya New York. Alikuwa amepandikizwa mapafu, na alikuwa amebeba bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, sugu kwa kabapenemu, kundi la antibiotiki ambalo madaktari huliweka akiba kwa siku ambayo dawa nyingine zimeshindwa. Waliompokea walilijua hilo kabla hajafika. Alitengwa mara moja, na kila aliyeingia chumbani kwake alitakiwa kuvaa gauni na glavu. Alikaa katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) kwa vipindi vifupi tu, na muda wake mwingine wote alikuwa peke yake katika chumba cha wodi ya kawaida. Tarehe 15 Julai aliruhusiwa kuondoka. Hakuna mgonjwa mwingine aliyekuwa ameonyesha dalili, na wahudumu walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba hatari imepita.

Tarehe 5 Agosti, wiki tatu baada ya kuondoka kwake, maabara iliotesha sampuli ya makohozi ya mgonjwa mwingine wa ICU. Ikaota Klebsiella sugu kwa kabapenemu. Siku kumi baadaye akapatikana wa tatu, kisha wa nne, na kuanzia hapo ikawa kama mgonjwa mmoja kila wiki. Mwaka ulipokwisha, wagonjwa 18 walikuwa wamekipata kimelea hicho. Kumi na mmoja kati yao walifariki, na vifo 6 vilihusishwa moja kwa moja na maambukizi yenyewe. Waliobaki katika idadi hiyo ya vifo waliuawa na magonjwa yaliyowaleta hospitalini.

Nimechagua kisa hiki, ingawa ni cha zamani kidogo, kwa sababu moja. Visa vingi vya usugu wa dawa hospitalini husimuliwa kama habari ya uzembe: hakuna sabuni, hakuna glavu, hakuna aliyekuwa anajua. Hapa kila kitu kilikuwepo. Hospitali ilikuwa na fedha, wataalamu na maabara za hali ya juu, na mgonjwa wa kwanza alijulikana tangu siku ya kwanza. Kimelea kilipita hata hivyo. Kwa maoni yangu, kilipita kwa sababu macho ya wote yalikuwa kwa mgonjwa aliyejulikana, wakati njia yenyewe ilipita kwa watu wasio na dalili yoyote.

Kwanza kimelea chenyewe. Klebsiella si kitu kigeni mwilini. Ni bakteria anayeishi kwenye utumbo wa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Shida huanza inapopata kinga dhidi ya dawa na kumkuta mtu ambaye mwili wake hauwezi kujitetea. Aina iliyoingia Bethesda ilikuwa na kimeng'enya kinachoitwa KPC, ambacho huivunja kabapenemu kabla haijaufikia ukuta wa bakteria na kuuharibu. KPC ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, kutokana na kimelea kilichopatikana North Carolina mwaka 1996. Jeni inayokitengeneza kimeng'enya hicho hukaa kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA linaloweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, hata wa jamii tofauti. Kwa hiyo hospitali iliyopata KPC ina mambo mawili ya kufuatilia: kimelea kinachotoka kwa mtu hadi mtu, na jeni inayotoka kwa kimelea hadi kimelea. Ukilifuatilia la kwanza tu, la pili litakupita.

Kwa matibabu zilikuwa zimebaki dawa chache mno, mojawapo ikiwa kolistini. Hii ni dawa ya zamani ambayo madaktari walikuwa karibu wameiacha kwa sababu huumiza figo. Ilirudishwa kazini kwa kukosa mbadala. Mlipuko ulipoendelea, baadhi ya vimelea vilijenga usugu hata kwa kolistini, ndani ya miili ya wagonjwa waliokuwa wakitibiwa nayo.

Sasa wagonjwa. Hospitali ya NIH hupokea watu walio katika majaribio ya tiba: wenye saratani ya damu, waliopandikizwa uboho au viungo, waliozaliwa na kasoro katika mfumo wa kinga. Udhaifu wao si wa namna moja, na ni vizuri kuuangalia kwa makini, maana hapo ndipo maambukizi yanapoeleweka. Mgonjwa anayepewa dawa kali za saratani hupungukiwa na chembe nyeupe za damu, zile zinazowahi kummeza bakteria anapovuka mpaka. Dawa hizohizo huchubua utando wa ndani wa utumbo, kwa hiyo mpaka wenyewe una matundu. Halafu anapewa antibiotiki za kumkinga, nazo huua bakteria wazuri ambao kwa kawaida huijaza nafasi yote ya utumbo na kumnyima mgeni mahali pa kukaa. Klebsiella sugu ikifika kwenye utumbo wa namna hiyo inakuta nafasi tupu, chakula tele na dawa inayowaua washindani wake wote isipokuwa yenyewe. Inazaana hadi ifikie idadi kubwa sana, na mgonjwa hahisi chochote. Siku kinga inaposhuka zaidi, au utando unapochubuka zaidi, inaingia kwenye damu. Juu ya hayo yote kuna mirija: wa kupumulia ulioingia kooni, wa mkojo, na ule wa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Kila mrija ni njia inayoukwepa ulinzi wa ngozi na koo.

Katika hali hiyo, mtu anaweza kupokea kimelea leo na kuanza kuugua wiki kadhaa baadaye, au asiugue kabisa. Kwa kipindi chote hicho anakitoa. Kiko kwenye choo chake, kwenye ngozi ya kinena na mapaja, kwenye shuka, kwenye ukingo wa kitanda. Kipimo cha damu au cha makohozi huagizwa mgonjwa anapopata homa, na mtu asiye na homa hapimwi. Ndiyo maana tarehe 5 Agosti ilikuwa siku ambayo kimelea kilionekana tu. Kilikuwa kimeanza kusafiri mapema zaidi.

Lakini mwezi Agosti mwenyewe hakuna aliyekuwa na hakika na hilo. Mgonjwa wa pili na yule wa kwanza hawakuwahi kukaa wodi moja kwa wakati mmoja. Je, hiki kilikuwa kimelea kilekile kilichobaki ndani ya jengo, au kingine kilicholetwa na mtu mwingine? Swali hili lilikuwa na uzito wa vitendo. Kama ni kingine, tatizo liko mlangoni na wanaoingia ndio wa kuchunguzwa. Kama ni kilekile, tatizo liko ndani, na hatua zilizochukuliwa mwezi Juni hazikutosha. Njia ya kawaida ya maabara ya wakati huo, ya kukata DNA na kulinganisha vipande vyake, haikuweza kulijibu, kwa sababu Klebsiella nyingi zenye KPC nchini Marekani zilikuwa za ukoo mmoja uitwao ST258. Zote zilifanana kwa kipimo hicho, zitoke New York au kwingineko.

Kundi la watafiti wa NIH, wakiwemo Evan Snitkin, Julie Segre na daktari wa maambukizi Tara Palmore, likaamua kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote, ya kimelea cha kila mgonjwa. Jenomu ya Klebsiella ina herufi za DNA zipatazo milioni 6. Kila bakteria anapogawanyika hunakili herufi hizo zote, na mara chache hukosea moja. Kosa hilo hurithiwa na uzao wote, kama vile mwandishi anayenakili kitabu kwa mkono akikosea neno, kila atakayenakili kutoka kwake atalirudia kosa lilelile. Ukilinganisha makosa, unaweza kujua nakala ipi ilitoka kwenye ipi. Katika mlipuko mzima wa Bethesda, watafiti walipata nafasi 41 tu zilizotofautiana kati ya wagonjwa. Ni tofauti ndogo sana ndani ya herufi milioni 6, lakini zilitosha.

Jibu likawa kwamba vimelea vyote vilitoka kwa mgonjwa wa kwanza. Tena havikutoka kwake mara moja. Sampuli zilizochukuliwa sehemu mbalimbali za mwili wake zilikuwa na tofauti ndogo kati yao, maana kimelea kilikuwa kimekaa ndani yake kwa muda wa kutosha kuanza kutofautiana kooni na kinenani. Kwa kufuata tofauti hizo, watafiti waliona kwamba kimelea kilitoka kwake kwenda kwa wengine kwa njia tatu zisizotegemeana. Fikiria maana yake: mgonjwa aliyetengwa kwa gauni na glavu, aliyejulikana tangu mlangoni, alikipitisha kimelea mara tatu mbalimbali bila mtu kuona hata mara moja.

Kilichonigusa zaidi ni mpangilio. Mfuatano ambao wagonjwa walionekana kuwa na kimelea haukuwa mfuatano ambao walikipata. Baadhi ya waliogundulika mapema walikuwa wamekipokea kutoka kwa waliogundulika baadaye. Ukichora ramani kwa tarehe za majibu ya maabara unapata hadithi moja. Ukichora kwa jenomu unapata nyingine, na ya pili ndiyo ya kweli. Kuna wagonjwa ambao walikikaribisha kimelea kwa wiki kadhaa na kukipitisha kabla ya kipimo kuwataja. Palepale ambapo jenomu ilionyesha njia isiyotarajiwa, watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za wodi na kukuta maelezo yanayowezekana: watu waliopishana mahali pamoja, au kifaa kilichotumiwa na mmoja kisha mwingine.

Kifaa chenyewe ni cha kutajwa, maana hakuna mfano bora zaidi wa jinsi hatari inavyojificha. Kimelea kilipatikana kwenye mashine ya kupumulia ambayo ilikuwa imeshasafishwa. Mtu aliyewahi kukaa ICU anaijua kazi inayofanyika hapo. Nesi anaingiza mrija mwembamba ndani ya ule wa kupumulia, anavuta makohozi, mgonjwa anakohoa, matone yanaruka. Kengele inalia. Nesi anabonyeza kitufe cha mashine kuinyamazisha, kwa glavu ileile. Anarekebisha kiungo cha mrija. Anavua glavu, ananawa. Mikono sasa ni safi. Kitufe si safi, na mhudumu wa zamu inayofuata atakibonyeza akiwa ameshanawa. Mashine inapopelekwa kusafishwa hufutwa kwa dawa, lakini ina maungio, mikunjo na nafasi nyuma ya vitufe ambazo kitambaa hakifiki. Nesi huyo hana kosa la kunyooshewa kidole. Kila anachotakiwa kufanya amekifanya, isipokuwa kwa sekunde moja ambayo kengele ilimtaka awe sehemu mbili.

Mahali pengine palipokutwa kimelea ni kwenye mitaro ya masinki. Hapa pana ubaya wa pekee, kwa sababu sinki ndiko tunakomtuma mtu akasafishe mikono. Ndani ya bomba lililojipinda chini ya sinki, maji husimama daima, na ukutani mwake hujengeka utando wa utelezi ambao bakteria huishi ndani yake wakikingwa na dawa za kusafishia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha mwaka 2017, kwa kutumia bakteria waliong'arishwa rangi ya kijani, kwamba utando huo hupanda kutoka kwenye mpindo wa bomba kuelekea kwenye chujio la sinki kwa kasi ya karibu sentimita 2.5 kwa siku, hasa ukipata chakula. Ukishafika kwenye chujio, maji ya bomba yakiupiga, matone hurukia beseni la sinki na vilivyo jirani. Ukimwaga maziwa, juisi au mabaki ya maji ya sukari ya dripu kwenye sinki la wodini, unaulisha.

Hospitali ya Bethesda ilipojua inashughulika na nini, ilichukua hatua ambazo hospitali chache zingeweza. Ukajengwa ukuta kuitenga sehemu ya ICU kwa ajili ya walioambukizwa peke yao, na wahudumu wao wakawa hawaendi kwa wagonjwa wengine. Vyumba vilijazwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi. Mabomba yalifumuliwa. Waliwekwa wasimamizi, saa 24, kazi yao ikiwa moja tu: kumwangalia kila anayeingia kwa mgonjwa aliyetengwa, awe profesa au mfagizi, kama amenawa na kuvaa inavyotakiwa. Napenda hatua hii kuliko zote za vifaa. Kumwambia daktari bingwa arudi akanawe ni jambo gumu kwa nesi mdogo anayemhitaji daktari huyohuyo saa ijayo. Ukimpa mtu wa pembeni kazi hiyo na mamlaka yake, unaiondoa aibu hiyo mabegani mwa nesi.

Lakini hatua iliyobadilisha mwelekeo, kwa jinsi ninavyokisoma kisa hiki, ni kuacha kusubiri homa. Wagonjwa wote wa ICU walianza kuchukuliwa sampuli kwa kijiti cha pamba kwenye njia ya haja kubwa, wawe wanaumwa au hawaumwi, na upimaji huo ukarudiwa mara kwa mara. Baadaye ukapanuliwa hadi hospitali nzima, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba kimelea kilikuwa kimeshatoka ICU na kufika wodi nyingine. Kipimo hiki hakipendwi. Kinamtweza mgonjwa, hasa mtu mzima anayelala kitandani bila nguvu na kuombwa ruhusa ya jambo hilo kila wiki. Linahitaji kuelezwa kwa heshima, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwa nini: kwamba huenda amebeba kitu kisichomdhuru leo lakini kinachoweza kumuua yeye au jirani yake wiki ijayo. Visa vikaanza kupungua, na mwisho wa mwaka mfululizo ukakatika.

Si Bethesda peke yake iliyofundisha hivyo. Mwaka 2006 ukoo huohuo wa Klebsiella ulienea katika hospitali za Israeli kiasi kwamba kila hospitali ikipambana peke yake ilishindwa. Mwaka 2007 wizara ya afya ilichukua usukani: kila hospitali iripoti kila mbebaji, wabebaji watengwe na wawe na wahudumu wao, na anayehamishwa aende na taarifa zake. Visa vilivyokuwa 55.5 kwa mwezi kwa kila siku za wagonjwa 100,000 (yaani siku za kulazwa za wagonjwa wote zikijumlishwa) vilishuka hadi 11.7 kufikia Mei 2008. Hakukuwa na dawa mpya. Kulikuwa na majina ya wabebaji yanayojulikana, na mtu wa kuulizwa kama hawakutengwa.

Kuna upande mmoja wa kisa cha Bethesda ambao bado unanisumbua. Umma haukukifahamu hadi Agosti 2012, utafiti wa jenomu ulipochapishwa. Sayansi yake ilikuwa nzuri mno, na ilionyesha kwa uwazi mkubwa kwamba jenomu inaweza kufuata mlipuko ndani ya hospitali. Lakini mtu aliyekuwa akipanga kumpeleka ndugu yake hospitalini hapo katika miezi hiyo alistahili kujua hatari iliyokuwepo. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba hospitali zikiogopa kuaibika zitaacha kupima, na asiyepima hana cha kutangaza. Ni hoja yenye uzito. Jibu lake, kwangu, ni kuitaka kila hospitali ipime na itangaze kwa kanuni ileile, ili anayepima sana asionekane mchafu kuliko asiyepima kabisa.

Kisha kimelea kikarudi. Julai 2012, miezi kadhaa baada ya kila mtu kuamini kimetoweka, mgonjwa mwingine aliyepandikizwa uboho alikutwa nacho. Alifariki Septemba. Alikuwa wa 19, na kifo chake kikawa cha 7 kati ya vilivyosababishwa na kimelea hicho. Upimaji wa wagonjwa wote ulikuwa bado unaendelea, kwa hiyo alionekana mapema na wengine wakachunguzwa mara moja. Hiyo ni tofauti kubwa na Agosti ya mwaka uliotangulia, ingawa yeye haikumwokoa.

Hospitali iliendelea kutafuta, safari hii ndani ya jengo lenyewe. Utafiti wa hospitali hiyohiyo uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sampuli za masinki na nyuso za vyumba vya wagonjwa mara nyingi zilikuwa safi, lakini mabomba ya maji machafu yaliyo chini ya ICU na mashimo ya maji taka nje ya jengo yalikuwa na plasmidi za usugu kwa wingi, zikihama kati ya bakteria wa aina mbalimbali. Juu, wagonjwa walikuwa wamekingwa vizuri. Jeni ilikuwa chini yao, na haikuwa na dalili ya kuondoka. Kwa anayesimamia wodi ya watu dhaifu, hilo lina maana ya kila siku: sinki la kunawia mikono libaki la kunawia mikono tu, maji ya kumwogeshea mgonjwa na mabaki ya dripu yamwagwe kwingine, dawa na sindano zisiandaliwe pembeni yake, na chujio lake lipimwe kila wakati anapopatikana mbebaji mpya ambaye hakuna anayejua alikipata wapi kimelea.